Msiwalaumu viongozi wa bendi peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mmoja aliyeandika hapa juzijuzi kwamba bendi nyingi zinavunjika kwa sababu ya viongozi, eti kiongozi anakula hela, kiongozi anapendelea, kiongozi ana kiburi, na wanamuziki wengine wote wao ni wahanga tu hawana kosa lolote. Mimi napiga besi, nimepita bendi kadhaa na miaka imeenda, na sikatai kabisa kwamba viongozi wa hivyo wapo, tena wengine wanastahili kusemwa zaidi ya alivyowasema. Ila hiyo barua imeacha nusu ya habari. Bendi nyingi nilizoona zinakufa hazikuuliwa na kiongozi, ziliuliwa taratibu na watu wa kawaida kabisa ambao hawakuiba hata senti, kazi yao ilikuwa kuchelewa, kununa, kuongeza volyumu na kutojifunza nyimbo. Na cha ajabu mara nyingi sio wale wasiojua kupiga, ni wale wanaojua sana.

Nianze na mazoezi maana huko ndio bendi inakojengwa au kubomoka, jukwaani mnaenda kuonyesha tu mlichotoka nacho mazoezini. Kuna watu wanadhani mazoezi ni mahali pa kujifunza wimbo. Sio. Wimbo unajifunza nyumbani na gita lako na spika yako ndogo, unaurudia mpaka vidole vikubali, halafu mazoezini unakuja kuungana na wenzako, mnaangalia mnaingiaje, mnatokaje, nani anapumzika wapi, kiitikio kinapanda vipi. Sasa unakuta mtu wimbo alitumiwa wiki nzima iliyopita, rekodi ipo kwenye simu yake, anafika anauliza "hapa katikati kodi ni zipi?", yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja. Watu wanasimama. Mpiga drams anaweka vijiti kwenye paja, mwimbaji anakunywa maji, wa tarumbeta anatoka nje kupokea simu, na mmoja anafundishwa daraja la wimbo kodi moja moja mbele ya kadamnasi. Ukipiga hesabu, bendi ya watu sita mtu mmoja akiwachelewesha dakika 20 basi sio dakika 20 zilizopotea, ni masaa mawili ya watu, na hao watu wengine wameacha kazi na familia zao kuja pale. Kiongozi hapo afanye nini? Akikaripia anaitwa dikteta, akinyamaza anaitwa dhaifu.

Halafu kuna hii tabia ambayo kila aliyewahi kuwa kwenye bendi anaijua na hakuna anayeisema. Mtu anaelezea kitu, labda mwimbaji anasema jamani mwisho tusimame ghafla tusififishe, na huku pembeni mpiga solo, yule wa gita la kuongoza, anacharazacharaza tu, tiririri tiririri, hata hajui kwamba anafanya, vidole vimezoea. Mpiga drams naye anagongagonga sahani, yale mabati ya duara ya kwenye drams. Mwimbaji anaongeza sauti ili asikike, anaonekana kama anagomba, yule wa solo anashangaa kwa nini anafokewa. Ugomvi umezaliwa hapo na chanzo chake ni mkono ambao haukutulia. Dawa yake ni rahisi mno, mtu akiongea weka kiganja juu ya nyuzi. Basi. Ni kitu kidogo lakini mimi mwanamuziki mgeni akija bendini hicho ndio naangalia kwanza kabla hata sijasikia anapiga nini, kwa sababu anayenyamazisha chombo chake mwenzie akiongea, hata muziki ukianza atasikiliza.

Na kusikiliza ndio kazi yenyewe jamani. Watu wengi wakiwa bendini wanajisikiliza wao. Vita ya volyumu inaanzia hapo na naomba niielezee polepole maana imeua shoo nyingi kuliko umeme kukatika. Mmeshaweka sauti vizuri, fundi mitambo ameridhika, mnaanza. Wimbo wa pili mpiga solo anahisi hajisikii vizuri, anageuka nyuma anagusa amplifaya kidogo tu, nukta moja. Mpiga kinanda sasa hajisikii yeye, naye anapandisha. Mpiga drams anaona amefunikwa, hana kitufe cha volyumu yule, kwa hiyo anapiga kwa nguvu zaidi, na akipiga kwa nguvu huwa anaharakisha bila kujua. Mimi wa besi napandisha ili nimfuate. Mwimbaji hana pa kupandisha, chombo chake ni koo, fundi akimuongezea kwenye monita, yaani spika inayowarudishia wanamuziki sauti yao jukwaani, maiki inaanza kupiga kelele ile ya kutoboa masikio, basi anabaki kupayuka. Wimbo wa nne sauti imekwaruza, wimbo wa saba haipo, na watu wanatoka wanasema mwimbaji leo hakuwa vizuri. Mwimbaji alikuwa vizuri tu, kakabwa na wenzie watano, tena hakuna hata mmoja wao aliyekusudia ubaya. Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, sema hapa kinachopasuka ni koo la mtu.

Kabla hujagusa hiyo amplifaya jaribu kwanza kusogea hatua mbili, au iinamishe ikuelekee masikioni, maana wengi wetu tunaziweka sakafuni zinapigia magoti halafu tunalalamika hatusikii. Au muulize mwenzio apunguze, mdomo upo. Na tusisahau masikio yenyewe. Wataalam wa afya kazini wa Marekani wanaweka kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unakatika nusu, yaani 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, ukifika desibeli 100 una dakika 15 tu. Chumba cha mazoezi chenye drams na amplifaya mbili kinafika 100 bila shida yoyote. Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, kwa hiyo anayepandisha volyumu anawachukulia wenzake kitu ambacho hawezi kuwarudishia hata akiwaomba radhi miaka kumi. Nunueni viziba masikio, vipo vya wanamuziki vinavyopunguza kelele bila kuharibu muziki, na asichekwe anayevivaa.

Kuna na suala la nafasi. Wimbo una nafasi yake na sio lazima ujazwe wote. Mimi nikiwa mtu wa besi nina kesi ya zamani na wapiga vinanda, mkono wao wa kushoto, huo mkono unapenda sana kuja huku chini kwetu, mpiga kinanda aliyezoea kupiga peke yake anapiga besi yake mwenyewe kwa mkono wa kushoto kwa sababu hana wa kumpigia, akija kwenye bendi anaendelea vilevile, sasa tunakuwa besi mbili zinagongana na chini kunakuwa matope matupu. Sio kwamba ni mtu mbaya, hajasikia tu. Mpiga kinanda mwenye roho ya bendi anauacha mkono huo ukae mapajani nusu ya wimbo na wala hajioni amepungukiwa. Charlie Watts alipigia Rolling Stones, bendi ya Uingereza, drams kuanzia 1963 mpaka alipofariki 2021, miaka karibu 60, na drams zake zilikuwa chache tu kulinganisha na zile milima ya ngoma ambayo wengine wanajizungushia, hakuwa mtu wa kujionyesha kabisa, na wale wengine ndio walikuwa wanaruka huku mbele kwa sababu wanajua nyuma kuna mtu hatetereki. Huyo ndio mwanabendi.

Sasa nije kwa wapulizaji maana hawa wanaonewa na hawana msemaji. Mpiga gita anapenda ki ya E (ki ni ile noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), kila mtu anajua, nyuzi wazi zinamsaidia na gita linalia vizuri. Lakini tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, noti anazosoma zimeandikwa juu kuliko zinavyolia, ukisema E wewe mwenzio anasoma F shapu, yaani shapu 6, noti sita za kupandisha nusu toni. Saksafoni ya alto ndio kabisa, yeye anakuwa kwenye C shapu, shapu 7, noti zote zimepanda. Halafu unamsikia anapiga kwa tabu unasema huyu bado hajaiva. Hebu wewe mwenye gita shusha nyuzi zako nusu toni, piga vidole vilevile ulivyozoea, sasa muziki unatoka E flati, tarumbeta anasoma F yenye flati 1 tu, noti moja ya kushusha, na alto anapiga C ambayo haina kitu chochote. Wewe hujapoteza hata mtindo mmoja wa vidole, wenzako wawili wamepumua, na pengine hata mwimbaji amefurahi kwa sababu ile noti ya juu imeshuka kidogo. Nimeona bendi imekaa muda mrefu na hakuna aliyewahi kuwauliza wapulizaji swali hili moja, nyie ki gani inawafaa? Kushirikiana kwenye bendi sio kukumbatiana na kuitana "brother", ni maswali kama hayo.

Na mwimbaji akisema wimbo uko juu mno ushusheni, ushusheni. Koo halina fundi. Mambo ya kumwambia "ile rekodi ya mwenyewe iko hapo" hayasaidii, mwenyewe ana koo lake.

Kuna kitu kingine kinachohusu mawazo ya watu, na hapa naomba nikae kidogo. Mwenzako anakuja na wazo, tuseme anasema kwenye ubeti wa pili drams zinyamaze tubaki na gita na sauti. Wewe hulipendi. Mkajaribu. Unapiga kwa uvivu, unachelewa kuingia, uso umekunja, mkimaliza unasema "mnaona, haliingii." Haliingii wapi wakati umelinyonga mwenyewe? Huu mchezo upo kila bendi na watu wazima tu wanaucheza. Mimi msimamo wangu ni kwamba wazo la mwenzio lipige kwa ubora uleule ambao ungelipiga kama ni lako, lipige vizuri kabisa mara mbili tatu, mkirekodi kwa simu msikilize wote, halafu ndio useme hulitaki na useme kwa nini. Hapo hata likikataliwa mwenyewe anaridhika maana ameona limepewa haki yake, na kesho ataleta lingine. Wazo likinyongwa kwa uvivu, mwenyewe anaacha kuleta mawazo, bendi inabaki na kichwa kimoja kinachofikiri, halafu mnaandika magazetini kwamba kiongozi anaamua kila kitu.

Lakini nisieleweke vibaya, simaanishi mtu awe wa ndiyo ndiyo. Anayekubali kila kitu naye ni mzigo, tena mzigo mbaya kwa sababu ananung'unika kwenye gari mkiwa njiani kurudi, anawapigia simu mmoja mmoja usiku, mwisho bendi ina makundi mawili na hakuna anayejua yalianza lini. Pingana, ila pingana mazoezini wote wakiwepo, na mkishakubaliana mkapanda jukwaani mambo yameisha, pale juu hakuna mjadala. Nimemuona mpiga gita la rizimu anatikisa kichwa kwa masikitiko mbele ya watu kwa sababu drams ziliingia mapema. Watu wala hawakuwa wamejua, wamejua baada ya kuona kichwa chake!

Makosa ya jukwaani yana adabu yake. Mwimbaji anamaliza ubeti wa kwanza, badala ya kiitikio anaruka moja kwa moja mpaka ubeti wa tatu. Hapo bendi ina kama sekunde moja. Bendi mbovu kila mtu anashikilia alipokuwa, mmoja yuko kiitikio, mwingine ubeti, wa tatu anamkodolea macho mwimbaji kama amemuibia, inakuwa vurugu. Bendi nzuri inamfuata mwimbaji, awe amekosea au hajakosea, kwa sababu maneno ndio watu wanayoyasikia na maneno hayawezi kurudi nyuma, kodi zinaweza. Mtu wa besi anaangalia mdomo wa mwimbaji, anahamia naye, drams zinapiga mpito mdogo kufunika pale paliporukwa, wimbo unaendelea, na atakayejua ni nyie tu. Baada ya shoo mnacheka. Kumkumbusha mwenzio kosa lake anaposhuka tu ngazi, jasho halijakauka, huo sio ukweli ni ukatili, subiri mazoezi yajayo.

Halafu jukwaa likiwa kubwa sogeleaneni. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, ni haraka ila sio haraka hivyo, ukisimama mita 10 kutoka kwenye drams pigo linakufikia limechelewa karibu sekunde 0.03, na wewe ukilifuata hilo ulilolisikia unakuwa nyuma, mpiga kinanda wa upande wa pili naye ana ucheleweshaji wake, mnaanza kuvutana. Kama hakuna monita karibu yako angalia mkono wa mpiga drams, macho hayachelewi. Kuna wapiga gita wanapenda kukimbilia pembeni kabisa kwenye mwanga, haya nenda ukacheze solo lako watu wakuone, ukimaliza rudi.

Kuhusu moyo sasa. Mwanamuziki anaweza kuwa bora duniani na bado anahitaji kuambiwa anapiga vizuri. Mwaka 1968 Ringo Starr aliondoka The Beatles katikati ya kurekodi, alihisi hapigi vizuri na kwamba wale wengine watatu wako karibu wao kwa wao yeye ni wa nje. Huyo ni mpiga drams wa bendi iliyokuwa maarufu kuliko zote dunia nzima wakati huo! Wenzake wakamtumia telegramu ya kumuomba arudi, na aliporudi mapema mwezi Septemba akakuta drams zake zimepambwa maua. Bendi ile ilivunjika 1970 kwa mambo mengine lakini safari ile ilipona kwa maua. Sasa sisi huku tunapiga na mtu miaka, hatujawahi kumwambia "ile besi ya leo ilikaa mahali pake". Tunamwambia siku amekosea tu. Haigharimu kitu, sijui kwa nini inatushinda wanaume hasa, wanawake niliopiga nao walikuwa wepesi zaidi kwenye hili.

Hela na majina. Hapa nakubaliana na yule msomaji kwamba ugomvi mwingi unatokea, ila sikubali kwamba ni wizi wa kiongozi kila mara, mara nyingi ni kwamba watu hawakusema mapema. Wimbo mnautengeneza chumbani wote, huyu kaleta maneno, huyu kaleta ile intro ya kinanda ambayo ndio watu wanaitambua wimbo ukianza tu, halafu kwenye karatasi linaandikwa jina moja na kila mtu ananyamaza kwa sababu anaona aibu. Procol Harum, bendi ya Uingereza, walitoa wimbo mkubwa sana 1967, mpiga kinanda wao Matthew Fisher ndio alitunga ile sehemu ya ogani lakini hakuandikwa kama mtunzi, akakaa nalo moyoni, kesi ikaja kwenda mahakamani na ikafika mpaka Baraza la Malodi, ngazi ya mwisho ya rufaa kwao enzi hizo, wakamkubalia haki yake mwaka 2009. Hesabu mwenyewe kutoka 1967. Maongezi ya nusu saa siku ile yangemaliza. Upande mwingine kuna Queen, bendi ya Freddie Mercury yule mzaliwa wa Zanzibar, wao zamani kila wimbo uliandikwa jina la aliyeutunga na ulikuwa unaleta mvutano, ilipofika albamu yao ya 1989 wakaamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la bendi. R.E.M. wa Marekani nao waliziandika nyimbo zao kwa majina ya wote wanne. Sisemi kila bendi ifanye hivyo, kuna mtu kweli anatunga peke yake usiku wakati wengine wamelala na ana haki yake. Nasema semeni. Siku wimbo unapokamilika, kabla hata haujarekodiwa, mtu aandike kwenye grupu nani kafanya nini na wote wajibu.

Na grupu lenyewe jamani. Kiongozi anauliza nani anaweza Jumamosi, watu tisa wamesoma, tiki za bluu zimejaa, amejibu mmoja. Kujibu "siwezi" ni msaada, mtu anatafuta mwingine wa kushikilia. Kukaa kimya halafu Ijumaa usiku unasema una dharura, huo ndio uuaji wenyewe.

Vyombo navyo vinabebwa na watu. Mwimbaji ana maiki moja mkononi anaaga anasema tutaonana, huku mpiga drams anafungua skrubu moja moja mpaka saa nane usiku. Beba hata stendi. Nunua nyuzi za akiba wewe mwenyewe, na waya wa akiba, na tuni gita lako kabla wenzako hawajafika, na ukimya wako ukiwa unatuni ni heshima, vifaa vya kutuni kwa macho vipo vinabanwa kwenye kichwa cha gita. Fundi mitambo muite kwa jina lake, mshukuru, yule ndiye anayeamua watu wanakusikia au hawakusikii, sielewi mtu anayemfokea anatarajia nini.

Mwisho wa yote mtu anaweza kuona bendi hii sio yake tena. Kuondoka sio usaliti. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walitoka Simba Wanyika, bendi iliyokuwa Nairobi, wakaanzisha Les Wanyika, bendi zote mbili zikaendelea kupiga na sisi wasikilizaji tukapata raha mara mbili. Ila kuna namna ya kutoka. Maliza shoo ulizokubali, sema mapema, mpe anayekuja kodi na mipangilio ya nyimbo zako, kaa naye mazoezi mawili matatu umuonyeshe zile sehemu za hila. Kuna mpiga solo aliondoka kwetu akafanya hivyo hivyo, tena akamuachia mgeni rekodi za simu za nyimbo zote gita likiwa peke yake, na mpaka leo akihitaji mtu wa kumsaidia kwenye kazi zake mpya hakuna kati yetu anayemuuliza maswali, tunauliza saa ngapi tu.

Kwa hiyo yule msomaji aendelee kuwasema viongozi, mimi simzuii, ila akiwa mwanabendi ajiulize na yeye wenzake wakimuona anaingia mlangoni wanafurahi au wanaguna. Na nyie wa gazeti nina ombi moja nalo ni dogo. Mkitoa picha ya bendi kwenye kurasa zenu za burudani mnaandika jina la mwimbaji halafu mnamalizia na "wenzake". Muulizeni mpiga picha wenu achukue majina yote, kuanzia kushoto kwenda kulia mpaka yule aliyejificha nyuma ya sahani za drams, nafasi ya majina matano sita haiwezi kukosekana kwenye ukurasa mzima.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga besi